Hofu ya Kung'oa Gego la Mwisho: Iseme Kabla Hujaketi Kitini

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unapungua.)

Nyinyi mlioko Migori mjini, Rongo, Awendo, Uriri, Isebania, Kehancha na Muhuru Bay. Na nyinyi wa upande wa Homa Bay, Ndhiwa, Rangwe, Oyugis, Kendu Bay, Mbita, hadi visiwani Rusinga na Mfangano, karibuni tena katika mazungumzo yetu ya afya. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kama unaanika omena, au unapukuchua mahindi, au unamnyonyesha mtoto, endelea na kazi yako, bora unitegee sikio.

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulificha. Ni ile hofu ya kwenda kung'olewa jino, na hasa lile gego la mwisho kabisa kule nyuma, ambalo wengi hulijua kwa jina la jino la hekima.

Nasema hulificha kwa sababu mama akija kliniki shavu limevimba, nikimwuliza mbona hajaenda kwa daktari wa meno, ataniambia hana nauli. Au mahindi hayajavunwa. Au atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo inakuwa mwezi ujao. Ukikaa naye, ukamwuliza polepole, ndipo anasema kwa sauti ya chini: "Sista, mimi naogopa."

Basi neno langu la leo ni moja, na ninaomba mlishike mpaka mwisho. Kuogopa si aibu, wala si jambo la watoto peke yao. Lakini hofu inayofichwa ndiyo inayomchelewesha mtu mpaka jino moja linageuka kuwa hatari kwa maisha yake. Hofu iliyosemwa ina dawa.

Kwanza tulifahamu gego lenyewe. Mtu mzima aliyekamilika meno ana meno 32. Kati ya hayo kuna magego manne ya mwisho, moja katika kila pembe ya kinywa, mawili juu na mawili chini. Mara nyingi huota kati ya umri wa miaka 17 na 25. Ndiyo sababu yakaitwa meno ya hekima, kwa kuwa huja wakati mtu anaanza kuwa mtu mzima. Wengine hawaoti yote manne, na wengine hawana hata moja. Na msiogope, hekima haikai ndani ya jino. Ukiling'oa, akili yako unarudi nayo nyumbani.

Taabu ni kwamba yanapokuja, mara nyingi taya halina nafasi tena. Ni kama abiria wa mwisho kuingia matatu iliyojaa. Jino linakaa upande, au linalala kabisa chini ya fizi, au linatoka nusu tu. Fizi inayolifunika ile nusu inakuwa kama kijifuko. Chakula kinaingia humo, mswaki haufiki, na vijidudu vinazaana. Hapo fizi inavimba, mdomo unanuka, kumeza kunauma, na taya linakataa kufunguka vizuri. Wakati mwingine jino hilo linaoza, au linaharibu jirani yake.

Je, kila gego la mwisho ni la kung'olewa? Hapana. Likiwa limetoka vizuri, halina ugonjwa na unaweza kulisafisha, linaachwa likae. Daktari wa meno, au afisa wa afya ya kinywa, atalichunguza, na pengine atataka picha ya eksrei, ndipo aseme. Kwa hiyo hofu ya kwanza tuiondoe hapa hapa: kwenda kuonwa si sawa na kwenda kung'olewa.

Sasa nieleze kwa nini kuchelewa ni kubaya. Jino likiuma, wengi wetu tunakimbilia dukani kununua dawa za maumivu. Maumivu yanatulia, nasi tunafikiri tumepona. Kumbe chanzo kingali pale pale. Baada ya majuma machache yanarudi, na safari hii yamekuja na uvimbe. Usaha wa gego la chini unaweza kushuka chini ya taya na kuingia shingoni. Ulimi unainuliwa juu, njia ya hewa inabanwa. Mtu anaweza kufa kwa jino, wasikilizaji wangu. Sisemi hivi kuwatisha. Nasema ili mzijue dalili.

Zishikeni basi. Ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni; ukishindwa kumeza hata mate yako; ukipata homa pamoja na uvimbe; mdomo ukikataa kufunguka; sauti ikibadilika; au pumzi ikianza kuwa nzito, usingoje miadi wala usingoje kesho. Nenda hospitalini saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Hiyo ni dharura.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuulize: hofu hii inatoka wapi? Mimi naona ina milango minne.

Mlango wa kwanza ni historia yetu. Wazee wetu wa Kiluo walikuwa na mila ya kung'oa meno sita ya mbele ya chini. Mila hiyo iliitwa nak, na ilikuwa alama ya kwamba kijana ametoka utotoni. Hakukuwa na ganzi. Kijana alitakiwa avumilie kimya mbele ya watu, na kupiga kelele ilikuwa fedheha. Mila hiyo imefifia, ingawa kuna wazee ambao pengo lao tumelikuta mpaka enzi zetu. Siwalaumu wazee. Walikuwa na maelezo yao, na mojawapo ni kwamba mtu akipatwa na pepopunda taya likafunga, angeweza kunyweshwa uji kupitia pengo lile. Lakini masimulizi yake yalitufundisha mambo mawili: kwamba kung'oa jino ni mateso, na kwamba mtu mzima huteseka akiwa kimya. Katika chumba cha daktari wa meno wa leo, yote mawili si kweli. Ganzi ipo. Na kimya hakitakiwi.

Mlango wa pili ni yaliyompata mtu mwenyewe. Pengine alipokuwa mtoto alishikwa mikono na miguu akang'olewa kabla ganzi haijashika. Au alikwenda kwa mtu wa sokoni mwenye koleo. Mwili haukusahau. Hata harufu ya dawa tu inatosha kumtoa jasho.

Mlango wa tatu ni sisi wazazi. Mtoto akikataa kulala, tunasema nini? "Nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano." Akila peremende: "Daktari atakung'oa meno yote." Tumemfanya daktari kuwa zimwi. Halafu mtoto huyo akifika miaka 20, gego limeuma, tunashangaa kwamba anakimbia.

Mlango wa nne ni kutojua. Mtu akifunikwa na giza, kila kichaka kinakuwa chui. Kwa hiyo ngoja niwashe taa, niwaeleze kinachofanyika hatua kwa hatua, bila kuwaficha kitu.

Ukifika, utaulizwa maswali juu ya afya yako na mdomo utachunguzwa. Kisha utapigwa sindano ya ganzi kwenye fizi. Je, sindano inauma? Ndiyo, inachoma kidogo, kwa sekunde chache. Mahali pengine hupakwa dawa ya ganzi juu ya fizi kwanza ili hata ule mchomo upungue. Uliza kama ipo. Unaweza kusikia moyo ukienda mbio kwa dakika moja au mbili. Mara nyingi ni kwa sababu ya dawa iliyochanganywa na ganzi ili damu isitoke sana. Hiyo hupita.

Baada ya dakika chache mdomo, na pengine ulimi, vinakuwa vizito kama si vyako. Daktari atagusa fizi kwa chombo kuhakikisha. Na hapa ndipo pana jambo ambalo watu wengi hawakuambiwa. Ganzi inaondoa uchungu, lakini haiondoi kusukumwa wala haiondoi sauti. Utahisi daktari anasukuma, anatikisa, taya linalemewa. Unaweza kusikia mlio kama kijiti kinavunjika. Mtu asiyejua akisikia hivyo anadhani ganzi imekwisha. Haijakwisha. Kusukumwa ni kawaida, uchungu mkali si kawaida. Ukihisi uchungu mkali, kama kukatwa, sema, na utaongezewa ganzi.

Gego likiwa limelala chini ya fizi, daktari anaweza kupasua fizi kidogo, kuondoa mfupa kidogo, na kulikata jino vipande ndipo litoke. Kisha anashona. Kusikia maneno haya kunatisha kuliko kufanyiwa, kwa sababu ganzi inafanya kazi wakati wote.

Tena kuna jambo la kukumbuka: mahali palipo na usaha mwingi, ganzi haishiki vizuri. Ndiyo maana daktari anaweza kukutibu uvimbe kwanza, kisha akakuambia urudi. Kwa hiyo anayengoja mpaka avimbe ili "asiumizwe" ndiye anayejitafutia maumivu. Ukienda mapema, ganzi inashika vizuri zaidi na kazi inakuwa nyepesi.

Mnajua, hata madaktari wa meno wenyewe hawapendi kuumia. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1844, huko Hartford, Marekani, daktari wa meno aliyeitwa Horace Wells alikuwa na gego lake la nyuma lililomsumbua. Alivuta gesi ya kuleta ganzi, na daktari mwenzake akaling'oa. Hiyo ilikuwa miongoni mwa hatua za kwanza kabisa za kutibu watu bila maumivu. Dawa tunayotumia sana siku hizi, lignokaini, ilitengenezwa nchini Uswidi mwaka wa 1943, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 imetumika duniani kote. Basi ukiomba ganzi ya kutosha, hujadeka. Unaomba kitu ambacho daktari mwenyewe angekiomba.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwenye dawa ya hofu yenyewe. Chukua kalamu kama unayo, au mwite binti yako aandike.

Kwanza, sema. Sema siku unayopangiwa miadi, na useme tena kabla hujaketi kwenye kiti. Maneno si lazima yawe mengi. "Daktari, mimi naogopa sana. Nilipokuwa mdogo nilishikwa kwa nguvu. Naomba unieleze kila hatua kabla ya kuifanya." Kama ulimi unakuwa mzito, andika kwenye karatasi umpe. Kuna mama mmoja niliyemsaidia kuandika karatasi ya namna hiyo, mistari miwili tu. Alikuwa amekimbia miadi mitatu. Daktari aliisoma, akavuta kiti akaketi karibu naye, wakazungumza kwanza kama majirani. Siku hiyo gego lilitoka. Alichoniambia baadaye ni hiki: "Sikujua kwamba inaruhusiwa kusema." Inaruhusiwa, mama. Unamwambia daktari kuhusu presha yako. Mwambie na kuhusu hofu yako. Yote mawili yanamsaidia kukuhudumia.

Pili, mpatane ishara. Mdomo ukiwa wazi huwezi kusema, na hilo ndilo linaloogofya wengi, kwamba umenyang'anywa sauti. Patana na daktari kwamba ukiinua mkono wa kushoto, anasimama. Ijaribuni kabla hajaanza. Watu wengi wakishajua kwamba wanaweza kusimamisha kazi, hata hawaitumii ishara hiyo.

Tatu, nenda ukapaone kwanza. Siku ya kwanza nenda tu ukachunguzwe, uone kiti, uone taa, umjue daktari kwa uso, uulize ada. Maana hofu nyingine ni ya gharama. Tangu Oktoba 2024 mambo ya bima ya NHIF yamechukuliwa na SHA, kwa hiyo uliza mapema ofisi ya malipo nini kinalipiwa na nini utatoa mfukoni, usije ukayajua ukiwa tayari umeumwa.

Nne, omba miadi ya asubuhi, na ule. Ukipewa ya saa tisa alasiri, utaiogopa siku nzima. Kama ni ganzi ya kawaida, kula kiamsha kinywa, uji wako au chai na viazi vitamu, kwa sababu wengi wanaozimia kwenye kiti wamekuja na njaa pamoja na hofu. Isipokuwa umeambiwa utalazwa usingizi kabisa. Hapo fuata masharti ya kufunga uliyopewa. Na usinywe pombe ili upate ujasiri. Chang'aa haiondoi hofu, inaharibu kazi: damu inaweza kutoka zaidi, na maelezo ya daktari hutayakumbuka.

Tano, jifunze kupumua. Mtu mwenye hofu hupumua juu juu, haraka haraka, mpaka kichwa kinamzunguka. Tufanye pamoja sasa hivi. Weka mkono juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua polepole: moja, mbili, tatu, nne. Tumbo liinuke. Sasa itoe polepole zaidi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tena. Fanya hivyo mara kumi kila jioni kwa wiki nzima kabla ya siku yenyewe. Usingoje kujifunza kuogelea siku mtumbwi umepinduka. Ukishazoea nyumbani, mwili utakumbuka ukiwa kwenye kiti.

Sita, legeza mwili. Kunja ngumi kwa nguvu, hesabu mpaka tano, achilia. Kaza mabega, achilia. Chezesha vidole vya miguu. Lakini kama wewe ni mtu wa kuzimia ukiona sindano au damu, fanya kinyume chake: kaza misuli ya mapaja na mikono kwa sekunde kumi au kumi na tano, pumzika kidogo, kisha rudia. Hiyo inazuia presha isishuke ghafla. Na mwambie daktari akulaze kwenye kiti.

Saba, usiende peke yako. Nenda na dada, shemeji au jirani, na mtu wa kukurudisha nyumbani, maana kupanda bodaboda peke yako ukiwa na kizunguzungu si busara. Ukitaka, weka nyimbo unazozipenda kwenye simu usikilize wakati kazi inaendelea.

Na kama umefanya haya yote na bado mwili unakataa, usijione umeshindwa. Kuna watu ambao hofu yao ni nzito kiasi cha kuhitaji dawa ya kutuliza, au hata kulazwa usingizi. Mwambie daktari, naye atakuelekeza hospitali ya rufaa ya kaunti, au Kisumu katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Sovieti. Lakini usimeze vidonge vya usingizi vya mtu mwingine nyumbani. Dawa hizo hupimwa kwa mtu na hutolewa mbele ya mhudumu.

Kuna mambo mengine ya kumwambia daktari bila kuficha. Mwambie kama una mimba, au unanyonyesha. Ganzi ya kawaida haimzuii mama kunyonyesha, na mwenye mimba hutibiwa pia. Kama si dharura, miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi. Mwambie kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, pumu au selimundu, kama damu yako huchelewa kuganda, au kama kuna dawa inayokudhuru. Kama unatumia ARV, endelea kuzimeza kama kawaida na umwambie. Hazikuzuii kung'olewa jino. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Uliza kwanza.

Na lile la kusema kwamba ukiling'oa jino la juu utapofuka? Hapana. Neva za meno si neva za kuonea. Kweli ni hii: gego la chini linaweza kukaa karibu na neva inayoleta hisia kwenye mdomo, na mara chache mtu hubaki na ganzi ya mdomo kwa majuma kadhaa au zaidi. Muulize daktari kuhusu jino lako wewe. Ukiuliza, utajibiwa juu ya hatari iliyopo, badala ya kuogopa ile isiyokuwapo.

Sasa neno kwa wewe unayemsindikiza mtu, labda kijana wako wa kidato cha nne, au mke wa mwanao. Usimwambie, "Hutasikia chochote." Huo ni uongo, na akisikia kusukumwa hatakuamini tena, wala hatamwamini daktari. Mwambie, "Sindano itachoma kidogo, kisha utahisi kusukumwa. Ukiumia inua mkono. Mimi nipo hapa." Usimcheke. Usimwambie kwamba mwanamume haogopi. Na hadithi ya shemeji yako aliyetoka damu siku mbili, iache nyumbani. Ukiwa wewe ndiye mgonjwa, kumbuka wadogo wanakutazama. Mtoto akiona mama ameogopa, akasema, akaenda, akarudi, amefundishwa kitu ambacho hataambiwa na kitabu.

Tafadhali, usimpeleke mtu kwa fundi wa sokoni kwa sababu ya haraka au bei. Koleo lisilochemshwa ipasavyo linaweza kuleta ugonjwa wa ini au virusi vya UKIMWI, na mzizi ukivunjika ndani hana la kufanya. Wala usiweke asidi ya betri, petroli au kidonge cha aspirini kwenye fizi. Vitu hivyo vinaunguza nyama, na jino linabaki pale pale.

(Muziki mfupi.)

Jino limeshatoka. Sasa? Uma kitambaa cha shashi ulichowekewa kwa nusu saa mpaka saa moja, bila kukitoa kila dakika kutazama. Mate kuwa na rangi nyekundu siku ya kwanza ni kawaida. Damu ikiendelea kutiririka, kunja kitambaa safi, kiume kwa nusu saa nyingine. Isipokoma, rudi hospitalini.

Kwa saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara wala usinywe pombe. Pale shimoni damu imeganda, na hiyo damu ndiyo bandeji yako. Ikitoka mapema, mfupa unabaki wazi, na siku ya tatu au ya nne yanakuja maumivu makali yanayopanda mpaka sikioni. Hayo yakikupata rudi kwa daktari. Pana matibabu, usivumilie.

Weka kitambaa chenye maji baridi juu ya shavu siku ya kwanza. Ganzi ikikaa saa chache, subiri iishe ndipo ule, usije ukajiuma ulimi bila kujua. Kula vitu laini visivyo moto: uji uliopoa, ndizi, maziwa, viazi vilivyopondwa, samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba. Miwa ya Awendo na nyoyo ziache kwanza. Baada ya siku ya kwanza, sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, hasa baada ya kula. Meno mengine endelea kuyapiga mswaki.

Meza dawa za maumivu kama ulivyoelekezwa, na umeze ya kwanza kabla ganzi haijaisha kabisa. Usitumie aspirini, huongeza kutoka damu, na mwenye mimba asitumie ibuprofeni bila kuuliza. Uvimbe huongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Ukiona baada ya siku tatu unaongezeka badala ya kupungua, au una homa, rudi.

Wasikilizaji wapenzi, muda umenitupa mkono. Tumesema gego la mwisho si lazima ling'olewe, lakini likiuma lionwe mapema. Tumesema ganzi huondoa uchungu na kusukumwa hubaki. Tumesema upumue, ule, uende na mtu, mpatane ishara ya mkono. Na zaidi ya yote, useme. Mficha uchi hazai, ndivyo walivyosema wahenga. Kama leo kuna jino linalokusumbua na ulikuwa unangoja ujasiri uje wenyewe, usiungoje. Nenda na hofu yako hivyo hivyo, uiweke mezani mbele ya daktari.

Ukitaka msaada wa kuandika karatasi yako, mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au pita kwenye zahanati iliyo karibu nawe. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya meno ya kwanza ya mtoto na namna ya kuyasafisha.

(Muziki wa kufunga kipindi.)